Ndege inatumia masaa 11, mzigo unatumia siku ngapi? Hesabu ya Guangzhou hadi Dar kabla hujamuahidi mteja

Somo la leo ni hesabu. Msikimbie, ni kujumlisha na kugawanya tu, kikokotoo cha simu yako kinatosha. Mimi hesabu hii ningeijua mapema ningeokoa shilingi laki tisa na elfu kumi.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kicheni pati, aliniagiza gauni 14 za sare, rangi ya zambarau, kila moja 65,000. Nilikuwa nimeziposti kutoka kwa saplaya wa Guangzhou. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Akaniuliza, "Mwanangu, zitafika lini? Shughuli ni Jumamosi ya wiki ijayo." Nikaingia kwenye simu, nikaandika Guangzhou na Dar es Salaam, nikaona ndege ya moja kwa moja inatumia kama masaa 11. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Usijali Mama, ndege ni masaa 11 tu. Jumatano ya wiki ijayo zitakuwa mkononi mwako."

Ndege ilitua Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya shughuli. Wikiendi ikaingia katikati. Gauni nikakabidhiwa Jumanne, shughuli imeshapita siku tatu. Nilirudisha pesa yote, 910,000, na gauni 14 za zambarau nikabaki nazo nikiziuza moja moja kwa bei ya kutupa. Mama yule hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, bora ungesema haiwezekani, mimi ningenunua kitambaa Kariakoo nikawashonesha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko ile pesa. Nikakaa chini kutafuta kosa liko wapi. Ndege haikuwa na kosa, ilitumia masaa yake yaleyale. Kosa ni kwamba nilichukua masaa ya ndege nikayageuza kuwa siku za mzigo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na leo nataka uvijue vyote viwili.

Angalizo dogo kabla hatujaanza: hapa nikisema "masaa" namaanisha muda wa safari. Nikisema "saa" namaanisha saa ya ukutani. Utaona mbele kwa nini nimetenganisha.

1. UMBALI: ULIZA MPIRA, USIULIZE RAMANI

Kutoka uwanja wa Guangzhou, unaoitwa Baiyun, hadi uwanja wa Julius Nyerere hapa Dar ni kama kilomita 8,700 kwa njia fupi kuliko zote angani. Njia hiyo fupi inapimwa juu ya mpira, kwa sababu dunia ni mviringo. Ramani ya ukutani imeinyoosha dunia kama chapati, ndiyo maana mstari ulionyooka kwenye ramani mara nyingi siyo njia fupi ya kweli.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua mpira wa mtoto. Weka alama mbili, moja ya Dar na moja ya Guangzhou, kisha vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Pale uzi unapopita ndiyo njia fupi. Kwa safari yetu hii, katikati kabisa ya uzi unaangukia baharini, karibu na pwani ya Kerala kusini mwa India. Kwa hiyo ndege ikiwa usawa wa Kerala, imebakiza nusu ya safari.

Ndege yenyewe haifuati uzi kwa asilimia mia. Inafuata njia zilizopangwa na waongoza ndege, inakwepa mawingu ya mvua kubwa, na inakwepa anga iliyofungwa. Kwa hiyo kilomita zinazoruka huwa zinazidi kidogo zile za kwenye uzi.

Hizi hapa kilomita za viwanja ambavyo wengi wetu tunaagizia. Zote nimezizungusha kidogo:

Guangzhou hadi Dar es Salaam: 8,700
Guangzhou hadi Nairobi: 8,680
Guangzhou hadi Entebbe: 9,070
Dubai hadi Dar es Salaam: 3,980
Istanbul hadi Dar es Salaam: 5,460

Umeona Nairobi na Dar? Tofauti ni kama kilomita 20 tu. Kwa hiyo mtu akikuambia mzigo wa Nairobi unawahi kwa sababu Nairobi iko karibu zaidi na China, mwambie ndege haioni tofauti hiyo. Kama unawahi, sababu iko ardhini: ratiba za ndege, idadi ya ndege kwa wiki, na kasi ya kutoa mzigo.

2. KUTOKA KILOMITA KWENDA MASAA

Ndege kubwa za abiria na za mizigo zikiwa juu zinakwenda kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa moja. Mimi natumia 850 ili nisijidanganye. Kisha naongeza nusu saa, kwa sababu wakati wa kupaa na kutua ndege haiendi kwa kasi hiyo.

Kanuni: kilomita ÷ 850, halafu ongeza dakika 30.

Guangzhou hadi Dar: 8,700 ÷ 850 = 10.24.

Hapa wengi wanateleza. Hiyo 10.24 siyo masaa 10 na dakika 24. Ile 0.24 ni sehemu ya saa, kwa hiyo izidishe kwa 60: inakuja kama dakika 14. Ni masaa 10 na dakika 14. Ongeza dakika 30, unapata masaa 10 na dakika 44.

Jaribu na Istanbul: 5,460 ÷ 850 = 6.42, yaani masaa 6 na dakika 25. Ongeza 30, unapata kama masaa 7 kasoro dakika tano. Dubai: 3,980 ÷ 850 = 4.68, yaani masaa 4 na dakika 41. Ongeza 30, inakuwa masaa 5 na dakika 11.

Jambo jingine ni upepo. Wazee wetu wa majahazi walikuwa wanangoja kaskazi ili iwasukume kutoka Arabuni na India kuja huku. Huo ni upepo wa chini, wa kwenye maji. Kule juu ndege inakopita, zaidi ya kilomita 10 kutoka ardhini, mambo ni tofauti. Juu ya kusini mwa China na maeneo ya jirani, hasa miezi ya baridi yao, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka China kuja kwetu inakutana nao usoni, ile inayokwenda China inasukumwa mgongoni. Ndiyo maana safari ya kuja huku huwa ndefu kidogo kuliko ya kwenda. Mzigo wako unakuja huku, kwa hiyo ongeza robo saa hadi nusu saa kwenye hesabu yako. Ndipo tunapata yale masaa 11.

3. MTEGO WA SAA: CHINA WAKO MBELE YETU MASAA MATANO

China nzima inatumia saa moja ya nchi, iwe Guangzhou au Beijing. Wako mbele yetu masaa 5. Sisi Tanzania tuko sawa na Kenya na Uganda. Dubai wako mbele yetu saa moja. Istanbul wako sawa na sisi mwaka mzima.

Sasa sikiliza. Taarifa za ndege zinaandikwa kwa saa ya uwanja husika. Kuondoka kunaandikwa kwa saa ya Guangzhou, kufika kunaandikwa kwa saa ya Dar. Tuseme unaona hivi:

Kuondoka Guangzhou: tarehe 14, 02:05
Kufika Dar: tarehe 14, 07:55

Ukitoa haraka haraka unapata masaa 5 na dakika 50. Niliwahi kumtumia mteja picha ya taarifa kama hiyo. Akanijibu, "Kumbe ndege inatumia masaa sita tu, halafu nyie mnatuambia wiki mbili? Mnatuficha nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi sikuelewa.

Jibu ni hili: ongeza yale masaa 5 ya tofauti. 5 na dakika 50, jumlisha 5, ni masaa 10 na dakika 50. Hesabu yetu ya mpira imetoka sawasawa.

Ukienda wewe mwenyewe China mambo yanageuka. Ukiondoka Dar saa 12:00 za mchana, yaani saa sita, ukaruka masaa 10 na nusu, utatua Guangzhou kwao ni 03:30 za alfajiri ya kesho yake. Ukiangalia tiketi utadhani umekaa angani masaa 15 na nusu. Hujakaa. Yale matano ni tofauti ya saa tu.

Halafu kuna mtego wetu sisi Waswahili. Taarifa za ndege zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Namba inatofautiana kwa sita. Ukiona 08:00, hiyo kwetu ni saa mbili asubuhi, siyo saa nane. Ukiona 14:00, hiyo ndiyo saa nane mchana. Niliwahi kumtuma kijana wa bodaboda akachukue mzigo saa nane mchana kwa sababu ujumbe wa wakala ulisema 08:00. Kijana anafika, ofisi ya wakala imeshamaliza zamu ya kugawa. Nikalipa nauli mara mbili.

Angalia pia tarehe. Ile ndege iliyoondoka Guangzhou tarehe 14 saa 02:05, kwetu hapa ilikuwa bado tarehe 13, saa tatu na dakika tano usiku. Kwa hiyo mteja akikuuliza "mzigo umeondoka lini", amua moja: tumia saa ya Tanzania kila mara, na uandike kwa maneno, "Jumatatu saa tatu usiku".

4. NDEGE YA KUUNGANISHA: KILOMITA SIYO TATIZO

Miaka hii Air Tanzania wamekuwa wakiruka Dar na Guangzhou kwa ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner. Lakini mizigo mingi ya wenzetu inapita kwingine, mara nyingi Addis Ababa au Dubai. Watu wanadhani kupita huko ndiyo kunaongeza safari sana. Tuhesabu.

Guangzhou hadi Addis ni kama kilomita 8,040. Addis hadi Dar ni kama 1,760. Jumla 9,800.
Guangzhou hadi Dubai ni kama kilomita 5,830. Dubai hadi Dar ni 3,980. Jumla kama 9,800 vilevile.

Kwa hiyo iwe Addis au Dubai, umeongeza kilomita 1,100 tu juu ya njia ya moja kwa moja. Kwa kasi ya 850 hiyo ni kama saa moja na dakika 18, ongeza ile nusu saa ya kupaa na kutua mara ya pili. Hata masaa mawili hayafiki.

Kinachokula siku ni kusubiri pale katikati. Mzigo unashushwa, unaingizwa ghalani, unasubiri ndege ya pili yenye nafasi. Abiria anakimbia kutoka geti moja hadi lingine kwa masaa mawili, boksi lako halikimbii. Na kwenye ndege ya abiria, mabegi ya abiria yanapewa nafasi kwanza. Siku wakijaa na mabegi yao, mzigo wa kago unaweza kuachwa hadi ndege inayofuata. Kwa hiyo usimuulize wakala "mnapita wapi" peke yake. Muulize: "Mna ndege ngapi kwa wiki, na mzigo ukikosa nafasi unasubiri siku ngapi?"

5. SIKU ZA MZIGO: NGAZI SITA

Baada ya yale ya zambarau nilinunua daftari. Kila oda naandika tarehe ya kila hatua. Hizi ni siku za daftari langu mimi, kwa mawakala ninaotumia mimi. Zako zinaweza kutofautiana, ndiyo maana na wewe nataka ununue daftari.

Ngazi ya kwanza: saplaya kuandaa oda na kuituma kwenye ghala la wakala Guangzhou. Siku 2 hadi 4.

Ngazi ya pili: ghala kupokea, kupima, kufunga, na kusubiri mizigo ya wengine itimie isafiri pamoja. Siku 1 hadi 3.

Ngazi ya tatu: kupeleka uwanjani, ukaguzi wa upande wa China, kusubiri nafasi kwenye ndege. Siku 1 hadi 3.

Ngazi ya nne: ndege. Siku 1 kama ni moja kwa moja, 2 hadi 3 kama inaunganisha.

Ngazi ya tano: Dar. Kushusha, hati, kodi na ukaguzi wa forodha. Siku 2 hadi 4.

Ngazi ya sita: wakala kugawa kwa majina, na bodaboda kukuletea. Siku 1.

Jumlisha namba ndogo zote: siku 8. Jumlisha namba kubwa zote: siku 18. Gauni zangu zilitumia siku 15 kuanzia Jumatatu ile mpaka Jumanne ya kukabidhiwa. Siku 15 ni masaa 360. Ndege ilitumia 11. Yaani mimi nilimuahidi mteja kwa kuangalia masaa 11, nikasahau yale 349.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kuahidi ni hii: chukua namba kubwa, siyo ndogo wala ya katikati, halafu ongeza siku 3 za dharura. Kwangu ni 18 + 3 = 21.

Mteja akija na tarehe ya shughuli, hesabu kurudi nyuma. Shughuli ni tarehe 26? Toa 21. Pesa ya oda lazima iwe imelipwa tarehe 5. Akija tarehe 10, mwambie ukweli mapema, kama yule Mama alivyoniambia: bora aende Kariakoo akashone. Utakosa faida ya oda moja, lakini atarudi, kwa sababu umemuokoa na aibu mbele ya kamati.

6. MIZIGO NA MIEZI INAYOVUNJA HESABU

Kuna bidhaa ambazo ngazi hizi sita haziziwezi.

Pawabenki na betri za simu zinazosafiri peke yake: tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinakataza betri za lithiamu ayoni zinazosafiri peke yake kupakiwa kama kago kwenye ndege za abiria. Sababu ni hatari ya moto. Na pawabenki inahesabiwa kuwa ni betri. Kwa hiyo zinasubiri ndege ya mizigo tupu, na ndege hizo ni chache. Ukiuza pawabenki usitumie siku za gauni.

Manukato na rangi za kucha nazo zinashika moto, zina masharti yake ya kufunga na hati zake. Muulize wakala kabla hujalipia. Usimruhusu saplaya achanganye pawabenki mbili ndani ya boksi la nguo kama zawadi. Boksi zima linaweza kuzuiwa kwa sababu ya hizo mbili.

Halafu kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, tarehe inabadilika kila mwaka kwa sababu wanafuata mwezi. Viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao, na kabla ya kufunga kila mtu anakimbiza mzigo wake, foleni inakuwa kubwa. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa lao. Ndege zinaruka masaa yaleyale, lakini ngazi ya kwanza na ya pili zinasimama. Oda za harusi za Februari mimi nafunga mapema, mwanzoni mwa Januari.

7. SOMA NAMBA YA MZIGO, USIISHI KWA "UPO NJIANI"

Kila mzigo wa ndege una hati yenye namba 11. Tatu za mwanzo zinataja shirika la ndege: 176 ni Emirates, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Boksi lako dogo linasafiri pamoja na ya wengine chini ya namba moja kubwa ya wakala. Muombe namba hiyo kwa adabu. Wakala mzuri atakupa. Ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika husika utaona herufi tatu tatu. Hizi ndizo za kukariri:

RCS: shirika limepokea mzigo, uko tayari kusafiri.
MAN: umeorodheshwa kwenye ndege fulani.
DEP: ndege imeondoka.
ARR: ndege imefika.
RCF: mzigo wenyewe umepokelewa kutoka kwenye ndege.
NFD: mpokeaji ameshapewa taarifa.
DLV: umekabidhiwa.

Zingatia mawili. La kwanza, ARR na RCF siyo kitu kimoja. Ndege inaweza kuwa imefika, mzigo bado haujathibitishwa kupokelewa. Usimwambie mteja "umefika" mpaka uone RCF, na uwanja ulioandikwa pembeni uwe DAR. Ukiona RCF na pembeni ADD, huo uko Addis. DXB ni Dubai, NBO ni Nairobi, EBB ni Entebbe, CAN ni Guangzhou. La pili, anayejulishwa kwenye NFD na anayekabidhiwa kwenye DLV ni wakala wako, siyo wewe. Bado una ngazi ya sita.

Na kama wakala anakuambia kwa siku tano mfululizo kwamba mzigo "upo angani", sasa una hesabu ya kumjibu. Hakuna mzigo unaokaa angani siku tano. Masaa 11, basi. Muulize kwa upole: "Kaka, uko kwenye ngazi gani? Umeshapata DEP?"

8. UJUMBE WA KUMTUMIA MTEJA

Huu ndio ninaoutumia mimi. Nakili, badilisha majina na tarehe:

"Habari dada. Oda yako nimeipokea leo tarehe 5. Mzigo unatoka Guangzhou kwa ndege. Safari ya angani ni chini ya siku moja, lakini kuandaa, kusubiri nafasi na kutoa mzigo uwanjani vinachukua siku kadhaa. Tarehe yangu ya kukukabidhi ni 26. Ukiwahi nitakupigia. Nitakupa taarifa mara tatu: ukiingia ghalani China, ndege ikiondoka, na ukipokelewa Dar. Ikifika tarehe 26 hujapata, nakurudishia pesa yako."

Huo mstari wa mwisho usiuandike kama hujapiga hesabu ya namba kubwa. Ukiupiga vizuri hautakugharimu, kwa sababu mizigo mingi itawahi kabla ya tarehe. Mteja aliyeambiwa 26 akapata tarehe 19 anakuposti mwenyewe. Aliyeambiwa 12 akapata tarehe hiyohiyo 19 anakuposti pia, lakini kwa maneno mengine.

Yule Mama wa kamati alinitafuta tena baada ya miezi kadhaa. Mdogo wake anaolewa, anataka vitambaa vya kichwa 30. Safari hii nilihesabu mbele yake, kwa vidole, ngazi zote sita. Nikamwambia, "Mama, kwa tarehe uliyonipa, siwezi kukuahidi kwa ndege yoyote ile." Akacheka. Akasema, "Sasa umekua." Akasogeza tarehe ya sare mbele kidogo na akalipa nusu palepale.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua oda yako ya mwisho. Andika tarehe ya kulipa na tarehe ya kukabidhiwa. Geuza siku hizo kuwa masaa kwa kuzidisha mara 24, halafu toa masaa ya ndege kwa kanuni ya kilomita ÷ 850 ongeza nusu saa. Kinachobaki ndicho unachotakiwa kukifuatilia, ngazi kwa ngazi.

Andika hapo chini unaagiza kutoka mji gani kwenda mji gani na siku zako zilikuwa ngapi. Walio Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi pia karibuni, nyie mna ngazi ya saba ya kutoka uwanja mkubwa mpaka kwenu, tuzihesabu pamoja. Somo lijalo tutaangalia bei ya kilo na ujazo wa boksi. Biashara njema.